Kutoka Ubwana Afya hadi Bwana Msa: Muhammed Said Abdulla na Historia ya Mzimu katika Riwaya ya Unguja

IKISIRI

Makala haya yanachunguza historia ya uandishi wa Muhammed Said Abdulla (1918–1991), mzaliwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja, ambaye anatambuliwa kuwa mwasisi wa riwaya ya upelelezi katika Kiswahili. Hoja inayojengwa ni kwamba umbo la riwaya zake liliazimwa kutoka Uingereza, lakini swali lililoulizwa ndani ya umbo hilo lilikuwa la Unguja: je, mtu anapokufa mahali panapoogopwa, ni nani anayestahili kuulizwa, mzimu au binadamu? Makala yanafuatilia kazi tatu za maisha yake, yaani ukaguzi wa afya, uhariri wa magazeti na utunzi wa riwaya, na kuonesha jinsi zilivyohusiana. Aidha, yanajadili sababu za wahakiki wa miaka ya 1970 na 1980 kumweka pembezoni, na yanatathmini upya nafasi yake kwa kuzingatia riwaya zilizofuata, hususan za Said Ahmed Mohamed, ambamo mzimu ulirejea kwa sura nyingine.

1.0 Utangulizi

Historia ya riwaya ya Kiswahili imezoea kuandikwa kwa kufuata mstari mmoja. Huanza na Shaaban Robert, hupita kwa watunzi wa Unguja wa miaka ya 1970, kisha hufika kwa Euphrase Kezilahabi na riwaya ya majaribio. Katika mstari huo, Muhammed Said Abdulla hutajwa kwa aya moja au mbili: kwamba aliandika riwaya za upelelezi, kwamba mhusika wake Bwana Msa anamfanana Sherlock Holmes, na kwamba vitabu vyake vilipendwa na wasomaji wengi. Baada ya hapo maelezo husonga mbele.

Ufupi huo una athari. Mtunzi anapoelezwa kuwa mwigaji tu, mambo aliyoyaongeza katika umbo aliloliazima hayachunguzwi tena. Vilevile, kazi inapotiwa katika fungu la fasihi pendwa, husomwa kama kielelezo cha ladha ya wasomaji wa wakati fulani, wala haisomwi kama hoja iliyotolewa na mtu mwenye msimamo. Hali hii haikumpata Abdulla peke yake. Katika nchi nyingi, waandishi wa riwaya za upelelezi, za kubuni sayansi, na hata wale wanaoandika riwaya juu ya wahusika waliokwisha kubuniwa na wengine, hupimwa kwa asili ya umbo lao kabla ya kupimwa kwa kile walichokisema kwa kulitumia.

Makala haya yanashughulikia maswali matatu. Kwanza, ni mazingira gani ya kusini mwa Unguja yaliyompatia Abdulla mada yake? Pili, kazi alizozifanya kabla ya mwaka 1960 zilichangia nini katika kuumbika kwa Bwana Msa? Tatu, je, hukumu ya wahakiki juu ya mfululizo wa riwaya zake inastahili kubaki kama ilivyo?

2.0 Kusini mwa Unguja na Watu wa Kale

Kizimkazi na Makunduchi ni miji jirani iliyopo katika ncha ya kusini ya kisiwa cha Unguja. Eneo hili ni sehemu ya nchi ya mawe, yenye udongo haba juu ya jiwe la matumbawe, tofauti na upande wa magharibi na kaskazini ambako mikarafuu na minazi ilistawi na kuwatajirisha wenye mashamba wa karne ya 19. Wenyeji wake waliishi kwa uvuvi, kwa mashamba madogo yaliyolimwa kati ya mawe, na kwa kazi za msimu katika mashamba ya karafuu.

Kwa upande wa dini, eneo hili lina historia ndefu ya Uislamu. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi katika kibla chake yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na mwaka 1107 wa Miladia. Ingawa jengo lenyewe lilijengwa upya katika karne ya 18, maandishi hayo ni miongoni mwa ushahidi wa kale zaidi wa Uislamu katika pwani ya Afrika Mashariki. Hivyo basi, mtu wa Kizimkazi au Makunduchi wa karne ya 20 hakuwa mgeni wa dini ya kitabu.

Hata hivyo, kando ya msikiti palikuwapo pia mizimu. Mapango, mibuyu na vichaka fulani vilitambuliwa kuwa makao ya watu wa kale, na kila mzimu ulikuwa na mwenye dhamana yake. Katika utaratibu wa vijiji vya Wahadimu, cheo cha mzale kilihusu kazi hii ya kusimama kati ya walio hai na waliotangulia: kupeleka ubani, kuomba ruhusa ya kulima, kuomba radhi pale mwiko ulipovunjwa. Sherehe ya Mwaka Kogwa inayofanyika Makunduchi kila mwezi wa Julai, pamoja na kuchomwa kwa kibanda na kupigana kwa magomba ya migomba, nayo inabeba kumbukumbu za utaratibu huo. Masimulizi ya Kizimkazi yenyewe yanamtaja mfalme aliyeitwa Kizi, ambaye alipoandamwa na maadui alifunikwa na mwamba wa pango akatoweka. Katika simulizi ya namna hii, jiwe si jiwe tu. Linajua nani wa kumhifadhi.

Abdulla alizaliwa Makunduchi tarehe 25 Aprili 1918. Mazingira haya ndiyo yaliyompa msamiati wa hofu alioutumia baadaye katika majina ya vitabu vyake viwili vya mwanzo: Mzimu wa Watu wa Kale na Kisima cha Giningi. Giningi, katika imani za Unguja, ni mahali pa wachawi na viumbe visivyoonekana. Msomaji wa Unguja hakuhitaji kuelezwa maana ya majina hayo. Alipoliona jina la kitabu, alikuwa amekwisha kuingia katika hofu ambayo mtunzi alikusudia kuikabili.

3.0 Bwana Afya na Mhariri

Baada ya kumaliza masomo mwaka 1938, Abdulla aliajiriwa kuwa mkaguzi wa afya, kazi ambayo watu wa pwani huiita ubwana afya. Aliifanya kwa muda wa miaka 10. Kwa kawaida bwana afya wa zama za ukoloni alikuwa mtu wa kuingia katika nyumba na nyua za watu: hutazama visima, mashimo ya choo, madimbwi ya mbu na maduka ya vyakula, huuliza nani ameugua na tangu lini, hulinganisha anachoambiwa na anachokiona. Kazi hiyo ilimkutanisha kila siku na maelezo mawili ya jambo moja. Kwa mwenye nyumba, homa inaweza kuwa imetoka kwa shetani au kwa jicho la hasidi. Kwa mkaguzi, imetoka katika maji ya kisima.

Si lazima kudai kwamba kila kisa cha Bwana Msa kina asili katika ukaguzi huo ili kuona uhusiano uliopo. Mantiki ni ile ile. Mpelelezi wa Abdulla haanzi kwa kuwadhihaki wanaoamini mizimu; huanza kwa kwenda mahali penyewe, akatazama, akauliza, kisha akatafuta sababu inayoweza kushikika. Hiyo ndiyo njia ya bwana afya mbele ya kisima.

Mwaka 1948 Abdulla aliacha kazi ya afya akaingia katika uandishi wa habari, akawa mhariri wa gazeti la Zanzibari. Katika muongo uliofuata alikuwa pia mhariri msaidizi wa Al-Falaq, Al-Mahda na Afrika Kwetu. Orodha hii inastahili kuzingatiwa. Al-Falaq lilikuwa gazeti la Jumuiya ya Waarabu, ilhali Afrika Kwetu lilisimama upande wa Jumuiya ya Waafrika na baadaye Afro-Shirazi. Mtu aliyefanya kazi katika magazeti ya pande zote mbili alizifahamu hoja zote mbili kutoka ndani, pamoja na lugha iliyotumiwa na kila upande kuueleza upande wa pili.

Aidha, uhariri katika Unguja ya miaka ya 1950 haukuwa kazi ya salama. Mwaka 1954 viongozi wa Jumuiya ya Waarabu walishtakiwa kwa uchochezi kutokana na makala zilizochapishwa katika Al-Falaq, na jumuiya hiyo ikasusia Baraza la Kutunga Sheria. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957. Kuanzia hapo Wazanzibari waliingia katika kipindi wanachokikumbuka kwa jina la zama za siasa, ambapo duka, msikiti, maziko na hata harusi viligawanyika kwa vyama. Fujo za Juni 1961 ziliua watu 68.

Katika mazingira hayo, hatua aliyoichukua Abdulla mwaka 1958 ina maana. Alikuwa mhariri wa Mkulima, gazeti la kilimo, na alibaki katika kazi hiyo hadi alipostaafu mwaka 1968. Hatua hii inaweza kusomwa kama kujiondoa katika ulingo wa siasa wakati ulingo ulipopamba moto. Lakini ni katika kipindi hicho hicho, kwenye mashindano ya uandishi wa hadithi ya mwaka 1957–1958 yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau, ndipo Mzimu wa Watu wa Kale ulipopata tuzo ya kwanza. Mwandishi aliyetoka katika magazeti ya vyama alikuwa amepata uwanja mwingine wa kusema. Katika uwanja huu hakulazimika kusema ni kabila gani lenye haki ya nchi. Aliweza kuuliza swali la msingi zaidi: ushahidi ni nini, na nani anautoa?

4.0 Mzimu wa Watu wa Kale na Hoja Yake

Riwaya hiyo ilichapishwa mwaka 1960. Kisa chake kinahusu mauaji ya Bwana Ali, tajiri mwenye mashamba, ambaye maiti yake inakutwa mahali pa mzimu. Mahali hapo peke yake panatosha kuwa maelezo. Kwa watu wa mtaa, aliyekufa mzimuni ameuawa na wenye mzimu, na uchunguzi wowote zaidi ni utovu wa adabu, pengine ni hatari. Bwana Msa, akiwa na swahiba wake Najum, na akishirikiana na polisi wanaowakilishwa na Inspekta Seif, anakataa maelezo hayo. Hatimaye anathibitisha kwamba kifo hicho ni kazi ya mkono wa binadamu.

Mambo matatu yanafaa kutajwa kuhusu hoja ya riwaya hii.

Kwanza, Abdulla hakuufanya mzimu kuwa pambo. Katika hadithi nyingi za upelelezi, imani za wenyeji huwekwa ili kuongeza taharuki, kisha husahauliwa. Hapa imani ndiyo kizuizi cha ukweli. Mhalifu anapata hifadhi kwa sababu jamii imekwisha kukubaliana kutokuuliza. Kwa hiyo riwaya haimlaumu mzimu. Inalaumu ukimya unaojengwa kuuzunguka. Huu ni ukosoaji mkali kuliko unavyoonekana, kwa kuwa unaihusu jamii nzima pamoja na muuaji.

Pili, ukosoaji huo unatolewa na mtu wa ndani. Wamisionari na watawala wa kikoloni walikuwa wameandika mengi juu ya ushirikina wa Waafrika, na maandishi hayo yalimweka msomaji wa Kiswahili katika nafasi ya kufundishwa. Bwana Msa ni Mzanzibari, anazungumza Kiswahili cha Unguja chenye methali na utani wake, na anajua adabu za mahali. Anapokataa maelezo ya mzimu, hakatai kwa niaba ya Ulaya. Anakataa kwa niaba ya akili ambayo, kwa mujibu wa riwaya, ni mali ya Waunguja sawa na mtu mwingine yeyote.

Tatu, riwaya ilitoka miaka miwili na ushei baada ya uchaguzi wa kwanza na mwaka mmoja kabla ya fujo za 1961. Katika siasa za wakati huo, asili ya watu na madai ya wazee wa kale vilikuwa silaha: nani alifika kwanza, nani ni mwenyeji, nani ni mgeni. Riwaya haisemi lolote moja kwa moja juu ya siasa hizo. Hata hivyo, kitabu kinachohimiza kwamba watu wa kale wasisingiziwe matendo ya walio hai kilikuwa na uzito wake mbele ya wasomaji wa mwaka 1960.

5.0 Deni kwa Sherlock Holmes

Kufanana kwa Bwana Msa na Sherlock Holmes si jambo la kubishaniwa. Msa ana kiko, ana swahiba anayestaajabia hitimisho lake, ana uwezo wa kusoma habari za mtu kutokana na alama ndogo, na ana polisi ambaye huwa nyuma yake kwa hatua moja. Arthur Conan Doyle alimtoa Holmes kwa mara ya kwanza mwaka 1887, na hadithi zake zilienea katika himaya yote ya Waingereza. Wasomaji wa Kiswahili nao walikuwa wamezoea hadithi za Kiingereza zilizotafsiriwa. Tangu mwaka 1929 walikuwa na tafsiri za hadithi za safari na hazina, kama Mashimo ya Mfalme Sulemani na Kisiwa chenye Hazina. Tafsiri hizo ziliendana na juhudi za kusanifisha lugha, zilizoichukua lahaja ya Kiunguja kuwa msingi baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928.

Hapa pana kinaya cha kihistoria. Lahaja ya mji wa Unguja ilifanywa Kiswahili sanifu, lakini nathari ya mwanzo iliyoandikwa kwa lugha hiyo sanifu ilikuwa kwa kiasi kikubwa tafsiri za wageni. Abdulla alikuwa miongoni mwa Waunguja wa kwanza kuitumia nathari hiyo kwa riwaya, na alifanya hivyo kwa kuligeuza umbo la kigeni kutoka ndani.

Mageuzi hayo yanaonekana katika aina ya ushahidi. Holmes hutegemea jiji kubwa la watu wasiojuana. Majivu ya tumbaku na matope ya viatu ni muhimu kwa sababu mtuhumiwa ni mgeni kwa kila mtu. Unguja haikuwa jiji la namna hiyo. Watu walijuana, au walidhani wanajuana. Kwa hiyo Bwana Msa huvuna zaidi kutoka katika mazungumzo: salamu iliyofupishwa, jina lililoepukwa, habari ya ndoa ya zamani, mtoto ambaye nasaba yake haisemwi barazani. Kitendawili cha Holmes kwa kawaida ni jinsi tendo lilivyofanyika. Kitendawili cha Msa, kwa kiasi kinachoongezeka kitabu baada ya kitabu, ni nani mwana wa nani.

Uhusiano wa Msa na Najum nao umebadilika. Watson ni msimulizi mwaminifu na mwenye heshima. Najum ni swahiba wa Kiswahili, mwenye haki ya kutania na kutaniwa, kukosea na kucheka. Ucheshi wao unafanana na wa barazani, ambako hoja nzito hupitishwa kwa mzaha ili isimkere mtu. Lugha ya riwaya hizi, yenye misemo, tashbihi na mchezo wa maneno, imesifiwa hata na wahakiki ambao hawakuridhika na dhamira zake.

6.0 Mfululizo wa Bwana Msa, 1968–1984

Baada ya kitabu cha kwanza palipita miaka 8. Kisima cha Giningi kilitoka mwaka 1968, mwaka ambao mtunzi alistaafu uhariri. Kisha vikafuata Duniani Kuna Watu (1973), Siri ya Sifuri (1974), Mke Mmoja Waume Watatu (1975) na Mwana wa Yungi Hulewa (1976), yaani vitabu vinne katika miaka minne. Cha mwisho, Kosa la Bwana Msa, kilichapishwa mwaka 1984, mtunzi akiwa na umri wa miaka 66.

Kati ya kitabu cha kwanza na cha pili, Unguja ilibadilika. Uhuru ulipatikana tarehe 10 Disemba 1963, Mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964, na Muungano tarehe 26 Aprili mwaka huo huo. Ardhi ilitaifishwa, na mashamba makubwa yakagawiwa kwa wananchi kwa vipande vya eka tatu tatu. Tajiri mwenye mashamba wa aina ya Bwana Ali, ambaye kifo chake kilikuwa kiini cha riwaya ya 1960, hakuwapo tena katika Unguja ya 1968. Licha ya hayo, ulimwengu wa Bwana Msa uliendelea kuwa ule wa kabla: matajiri na watumishi, mirathi, siri za ukoo, majumba yenye milango isiyofunguliwa.

Jambo hili limefasiriwa kuwa ni kukwepa. Kwa hakika riwaya hizi hazikusema lolote juu ya matukio yaliyozigusa familia za Unguja kwa kina. Lakini uteuzi wa mada una jambo la kueleza. Kadiri mfululizo ulivyoendelea, uchawi na mizimu vilipungua, na nasaba ikashika mahali pake. Siri zinazofumbuliwa ni za watoto waliolelewa bila kujua wazazi wao, ndoa zilizofichwa, na majina yaliyobadilishwa. Katika nchi ambayo asili ya mtu ilikuwa imewahi kuamua hatima yake, hadithi zinazorudia kuonesha kwamba hakuna mwenye uhakika wa asili yake hazikuwa burudani tupu. Sadfa nyingi ambazo wahakiki wamezilaumu katika riwaya hizi, za ndugu kukutana bila kujuana, zinaudhi kwa upande wa ufundi, ila zinaendana na hoja hiyo.

Jina la kitabu cha mwisho nalo linastahili kutajwa. Mtunzi aliyejenga sifa yake kwa mpelelezi asiyekosea alihitimisha kwa kitabu chenye neno kosa pamoja na jina la mpelelezi huyo. Mfululizo ulioanza kwa kuishtaki imani isiyohojiwa ulimalizika kwa kutangaza, tangu kwenye jalada, kwamba akili nayo huhojiwa.

7.0 Hukumu ya Wahakiki

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili ulipata nguvu ya kitaasisi katika miaka ya 1970, baada ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikuwa limeweka kipimo: kazi ya fasihi ilitazamiwa kuchangia ujenzi wa jamii ya kijamaa, na kufichua migongano ya matabaka. Kwa kipimo hicho, watunzi wengine wa Unguja walikuwa na mengi ya kuonesha. Mohamed Suleiman Mohamed alichapisha Kiu mwaka 1972 na Nyota ya Rehema mwaka 1976. Shafi Adam Shafi aliandika juu ya mashamba na Mapinduzi katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978), na juu ya wafanyakazi wa bandari katika Kuli (1979). Said Ahmed Mohamed alichapisha Utengano na Dunia Mti Mkavu mwaka 1980.

Mbele ya kazi hizo, Bwana Msa alionekana kuwa bwana wa zamani mwenye kiko. Isitoshe, riwaya ya upelelezi ilikuwa imeshika njia nyingine bara. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na baadaye Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona (1974), mpelelezi wa bastola na safari za ndege. Wimbi hilo la vitabu vya bei nafuu lililaumiwa kwa ukatili na mapenzi ya kuuza. Abdulla aliwekwa katika fungu moja nalo, ingawa riwaya zake zilitegemea mazungumzo na hoja kuliko mapigano.

Ni haki kutambua uzito wa hukumu hiyo. Wahakiki wa ujamaa walikuwa sahihi kwamba riwaya za Bwana Msa hazihoji chanzo cha utajiri. Bwana Ali akiuawa, msomaji anataka kujua nani amemuua. Haulizwi aliupata vipi utajiri wake, wala nani waliochuma karafuu zake. Katika upelelezi wa namna hii, kesi ikifungwa, mambo hurudi yalivyokuwa. Huu ni udhaifu wa umbo lenyewe, na Abdulla hakuushinda.

Kilichokosewa ni kudhani kwamba swali la tabaka ndilo swali pekee lenye uzito. Swali la Abdulla, yaani jinsi jamii inavyoamua kitu gani kichukuliwe kuwa kweli, halikuwa dogo. Lilihusu mahakama, magazeti, hospitali na siasa. Mtu aliyekuwa bwana afya kwa miaka 10 na mwanahabari kwa miaka 20 alikuwa na sababu za kuliona kuwa swali la kwanza.

8.0 Kurejea kwa Mzimu

Thamani ya swali hilo inadhihirika zaidi katika historia iliyofuata. Kuanzia mwaka 1990, riwaya ya Kiswahili ilianza kuuacha uhalisia. Kezilahabi alitoa Nagona (1990) na Mzingile (1991). Katama Mkangi, kutoka pwani ya Kenya, alibuni dunia nyingine kabisa katika Walenisi (1995), na Kyallo Wadi Wamitila akafuata na Bina-Adamu! (2002). Kwa upande wa Unguja, hatua hiyo ilichukuliwa na Said Ahmed Mohamed katika Babu Alipofufuka (2001) na Dunia Yao (2006).

Said Ahmed Mohamed, aliyezaliwa Unguja mwaka 1947, ni mfano wa wazi wa mtunzi ambaye pia ni mhakiki. Amefundisha katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, Japani na Ujerumani, na katika makala zake za kitaalamu ametetea riwaya mpya dhidi ya shutuma kwamba imewatupa wasomaji wake. Katika makala aliyoichapisha mwaka 2007 alimweleza mtunzi wa riwaya ya Kiswahili kuwa yupo njia panda, akivutwa na utambulisho wa jamii yake upande mmoja, na haja ya kuzaa umbo jipya upande wa pili.

Katika Babu Alipofufuka, mhusika anayeitwa K ni mkubwa wa serikali aliyeshiba na kusahau alikotoka. Babu yake aliyekufa anamjia, anamsumbua, na kumrudisha katika kijiji alichokisaliti. Kwa maneno mengine, mtu wa kale amerudi. Mwaka 1960 Abdulla alimwondoa mzimu katika eneo la uhalifu ili binadamu awajibike. Mwaka 2001 Said Ahmed Mohamed alimrudisha mzimu kwa sababu ile ile: binadamu awajibike.

Tofauti kati ya hatua hizo mbili inaeleza tofauti ya nyakati. Abdulla aliandika akiwa na imani kwamba ukweli ukidhihirishwa, sheria itachukua mkondo wake. Ndiyo maana Inspekta Seif yupo pembeni, tayari kukamata. Katika riwaya ya 2001 mhalifu ndiye mwenye dola. Hakuna inspekta wa kumkamata K, na ushahidi dhidi yake hauhitaji kufumbuliwa kwa kuwa kila mtu anaujua. Pale ambapo ushahidi haumtishi tena mwenye makosa, mtunzi humwita shahidi asiyeweza kuhongwa wala kufungwa, naye ni marehemu. Mzimu uliokuwa maficho ya mhalifu umekuwa mwendesha mashtaka.

Kwa mtazamo huu, riwaya mpya ya Unguja haikuzaliwa kwa kumpuuza Abdulla. Iliupindua uhusiano aliouweka yeye kati ya mzimu, ushahidi na hatia. Mapinduzi hayo hayawezi kuelezwa kikamilifu ikiwa hatua ya kwanza itaendelea kuitwa mwigo.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba kazi ya Muhammed Said Abdulla ina mantiki moja tangu mwaka 1938 hadi 1984. Ukaguzi wa afya ulimzoeza kutafuta sababu inayoshikika. Magazeti ya pande zilizopingana yalimwonesha jinsi maelezo ya asili na ya kale yanavyoweza kutumiwa. Riwaya ikampa uwanja wa kuhoji maelezo hayo kwa lugha ya watu wenyewe. Umbo aliloliazima kwa Conan Doyle alilijaza nasaba, utani na hofu za Unguja, na kwa kufanya hivyo akaufanya upelelezi kuwa ukosoaji wa ukimya wa jamii.

Vilevile imedhihirika kwamba mipaka yake ni ya kweli. Riwaya zake hazikuuliza utajiri ulitoka wapi, wala hazikuugusa mwaka 1964. Mambo hayo yaliachwa kwa watunzi waliomfuata, nao waliyashughulikia kwa ufanisi mkubwa zaidi. Hata hivyo, historia ya riwaya ya Unguja itakuwa pungufu ikiwa itaanza na watunzi hao. Kabla ya kumshtaki mwenye shamba, ilibidi kwanza ikubalike kwamba kifo kina mwenye kukijibia. Jambo hilo liliandikwa na mtu wa Makunduchi, kutoka nchi ya mapango na mibuyu ambako lilikuwa gumu zaidi kusemwa.